Kipa wa Pili



Wapendwa katika Kristo, kila dirisha la usajili linapofunguliwa, mazungumzo ya mpira hapa Kibondo, na hali kadhalika kule Kasulu ninakofika mara kwa mara kwa shughuli za kichungaji, huwa ya namna moja. Nani atatufungia mabao? Ni Mkongo gani anakuja, ni kiungo gani anaondoka? Baada ya Misa ya pili wanaume husimama chini ya mwembe na kusajili wachezaji kwa midomo yao mpaka jua linakuwa kali, na mimi nikipita huniuliza maoni, maana wanajua kwamba padre wao naye ana timu yake, ingawa timu yenyewe sitaitaja hapa kwa ajili ya umoja wa parokia. Katika miaka yote hiyo sijawahi kumsikia mtu akiuliza: je, kipa wa pili atakuwa nani?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana, na juma hili ninapenda tulitafakari pamoja.

Tuanze na kazi yenyewe. Mshambuliaji wa akiba ana tumaini lake kila Jumamosi. Mwenzake akichoka, dakika ya sabini ataitwa. Tangu mwaka 2020 sheria za mpira ziliruhusu wachezaji watano wabadilishwe katika mchezo mmoja, kwanza kwa muda tu, na mwaka 2022 ikawa kanuni ya kudumu. Kwa hiyo walio benchi wengi hupata walau robo saa ya kutokwa jasho. Lakini kipa hachoki kwa namna hiyo, wala kocha hamtoi kwa sababu anataka kubadili mbinu. Kipa wa pili huingia pale tu mwenzake anapoumia, anapopewa kadi nyekundu, au anapokosa imani ya kocha. Fikirini jinsi ilivyo vigumu: nafasi yako ya kufanya kazi inapatikana katika msiba wa ndugu yako. Kabla ya mchezo anapasha misuli moto pamoja naye, anampigia mipira ya juu na ya chini ili mwenzake awe tayari, kisha anavaa koti na kuketi. Juma linalofuata hali ni ile ile. Papa Yohane Paulo II, alipokuwa bado kijana Karol Wojtyła kule Wadowice nchini Polandi, alipenda kucheza golini, lakini hata katika habari zake hakuna anayeuliza ni nani alikuwa akimsubiri pembeni.

Basi tukumbuke Aprili 2023. Simba walikuwa na Aishi Manula, aliyetoka Azam mwaka 2017 na kuwa kipa wao wa kwanza na wa timu ya taifa. Nyuma yake alikuwepo Beno Kakolanya, aliyehamia kutoka Yanga mwaka 2019. Nyuma yao wote alikuwepo kijana aliyekulia katika timu ya vijana ya klabu, Ally Salim, ambaye nadhani wengi wetu tulikuwa hatujawahi kulitamka jina lake. Manula akaumia. Tarehe 16 Aprili ulipofika mchezo wa watani wa jadi, aliyetokea golini kwa Simba hakuwa Manula wala hakuwa Kakolanya.

Siku ile vibanda umiza vya hapa mjini vilijaa mpaka watu wakachungulia madirishani. Watu wa Yanga walicheka waziwazi walipoliona jina lile, na watu wa Simba walinyamaza kama watu walio katika foleni ya kitubio. Mchezo ukaisha Simba 2, Yanga 0. Inonga alifunga mapema, Kibu Denis akaongeza, na kijana yule hakufungwa. Juma lililofuata, tarehe 22, alisimama tena katika uwanja wa Benjamin Mkapa dhidi ya Wydad Casablanca, waliokuwa mabingwa wa Afrika wa mwaka uliotangulia, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Simba walishinda 1-0. Huko Casablanca tarehe 28 walifungwa 1-0, wakatolewa kwa mikwaju ya penalti 4 kwa 3. Katika siku zipatazo kumi na mbili, mtu aliyekuwa hatajwi alicheza michezo mitatu ambayo makipa wengi hustaafu bila kuigusa hata mmoja.

Yaliyofuata ndiyo yanayonifikirisha zaidi. Lilipofunguliwa dirisha la usajili katikati ya mwaka, klabu ilimleta kipa kutoka Brazil, Jefferson Luis. Huyo naye akaumia katika maandalizi na akaondoka kabla hajaitumikia timu. Basi mwezi Agosti, kule Mkwakwani Tanga, katika Ngao ya Jamii, ni nani aliyesimama golini? Ni Ally Salim yule yule. Simba waliwatoa Singida Fountain Gate kwa penalti, na tarehe 13 Agosti wakawashinda Yanga kwa penalti 3 kwa 1 baada ya sare tasa. Kijana akazuia mikwaju mitatu. Lakini akaletwa Ayoub Lakred kutoka Morocco. Tarehe 5 Novemba, siku ambayo watu wa Simba wasingependa niitaje, Manula alirudishwa golini katika mchezo wa watani baada ya miezi mingi ya majeraha, na Yanga wakashinda 5-1. Siku mbili baadaye kocha Robertinho hakuwepo tena.

Sisemi kwamba kocha alikosea kumtafuta kipa mwingine. Klabu inayotaka ubingwa wa Afrika haiwezi kuishi kwa huruma, na huenda wanaomwona kijana mazoezini kila siku waliona mambo ambayo sisi wa vibandani hatuyaoni. Wala sidhani kwamba angekuwa Ally Salim mabao matano yasingeingia. Ukuta mzima ulikuwa umeanguka siku ile. Ninachouliza ni kitu kimoja tu: mtu huyu aliambiwa nini? Siku walipomchagua kuwa nyuma ya wengine, je, waliketi naye wakamwambia waziwazi wamemchagua kwa ajili ya nini, kwa muda gani, na akifanya vizuri itakuwaje? Au aliyasoma magazetini kama sisi? Jibu silijui. Lakini nimeishi na watu kwa muda wa kutosha kujua kwamba mara nyingi hakuna anayeketi na kipa wa pili. Hupewa methali. Huambiwa mvumilivu hula mbivu. Ni methali nzuri, ila mara nyingine mtu anavumilia mpaka embe linaiva, kisha anakuja mgeni aliyeshuka na ndege na kulila.

Wenye kuchagua nao wana shida yao, lazima tukiri. Ukimchagua wa pili aliye karibu sawa na wa kwanza, unaingiza mashindano ndani ya nyumba. Kila kosa dogo la wa kwanza linageuka kelele za majukwaani za kumtaka mwenzake. Ukimchagua kijana, anakaa benchi katika miaka ile ile ambayo alipaswa kujifunza kwa kufungwa mabao katika timu ndogo. Ukimchagua mzee, watasema umeishiwa.

Lakini kuna wakati mzee ndiye jibu. Mwaka 2019 kocha wa Taifa Stars alikuwa Etienne Ndayiragije, raia wa Burundi, naye alimwita Juma Kaseja, wakati huo akiwa na umri wa miaka 34 na akiichezea KMC, baada ya kukaa nje ya timu ya taifa kwa miaka kadhaa. Wengi walishangaa. Tarehe 4 Agosti jijini Nairobi Tanzania iliitoa Kenya kwa penalti 4 kwa 1 katika kuwania nafasi ya CHAN, Kaseja akiwa golini. Kisha ikaja Burundi, mchujo wa kwanza wa kwenda Kombe la Dunia. Bujumbura sare ya 1-1, na tarehe 8 Septemba Dar es Salaam sare ya 1-1 tena. Katika penalti Tanzania ilifunga tatu, na Burundi haikufunga hata moja.

Katika wilaya zetu hizi, ambako kambi za Nduta na Nyarugusu zilikuwa zimewahifadhi maelfu ya ndugu zetu waliovuka mpaka, furaha ile ilikuwa na adabu yake. Huwezi kupiga vuvuzela mbele ya mtu ambaye kitu pekee cha kwao alichobaki nacho kwa jioni ile ni timu yake. Na aliyewatoa Warundi ni Mrundi mwenzao, kwa kumwamini mzee wa Kitanzania ambaye Watanzania wenyewe tulikuwa tumekwisha kumweka kando.

Jambo hili halipo kwetu tu. Wamarekani wana mpira wao ambao hubebwa mikononi, na katikati yake yupo mchezaji mmoja anayepanga na kurusha mipira yote; wao humwita kwotabeki. Huyo naye, kama kipa, ni mmoja tu uwanjani, na wa pili wake hukaa hivyo hivyo. Katika timu ya New England Patriots, Septemba 2001, kwotabeki wa kwanza Drew Bledsoe aliumizwa vibaya. Aliingia kijana Tom Brady, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amechaguliwa wa 199 katika mgawo wa wachezaji wapya. Timu ikaanza kushinda. Bledsoe alipopona, kocha akaamua abaki benchi. Hebu wazieni uchungu wa mtu mwenye jina, aliye mzima, anayemtazama mtoto akikalia kiti chake! Tarehe 27 Januari 2002, katika mchezo wa kuingia fainali, Brady aliumia mguu, na Bledsoe akainuka kutoka benchi, akarusha mpira uliozaa alama, na timu ikaenda fainali. Fainali akacheza Brady, na wakawa mabingwa. Dunia nzima inamjua Brady. Mimi nikisoma habari ile humtazama zaidi Bledsoe, kwa sababu kuwa wa pili baada ya kuwa wa kwanza ni ualimu wa aina yake. (Nilipokuwa paroko msaidizi nilidhani nafasi yangu ni ngumu. Sasa ni paroko, na namwona mapadre wakinipokea kila siku mgumu zaidi ni yule mzee aliyestaafu, anayekubali kuadhimisha Misa ya asubuhi ya Jumatatu bila kunung'unika.)

Kanisa lenyewe lilianza kazi yake kwa uchaguzi wa namna hii. Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya kwanza. Yuda amekwenda, nafasi moja iko wazi kati ya Kumi na Wawili. Petro anasimama mbele ya ndugu wapatao mia na ishirini na kutaja sifa za anayetakiwa: awe amekuwa pamoja nao tangu ubatizo wa Yohane hadi siku ile Bwana alipopaa. Wakawaweka mbele watu wawili, wakasali, wakapiga kura, na kura ikamwangukia Matia. Sote tunaijua sikukuu yake, tarehe 14 Mei. Na yule mwingine?

Luka hakumwacha bila jina. Kinyume chake, amempa majina matatu. Alikuwa Yosefu, akiitwa Barsaba, na kwa jina jingine Yusto. Matia aliyeshinda ametajwa kwa jina moja tu. Baada ya sura ile Maandiko Matakatifu hayamtaji tena hata mmoja wao. Tazameni pia kwamba Yusto hakupungukiwa na sifa. Naye alikuwepo tangu mtoni Yordani, naye alitembea mavumbi yale yale, naye aliona. Hakuambiwa kwamba hafai. Kura tu haikumwangukia. Na kitu ambacho hunigusa kila mwaka ninapoisoma sehemu hii ni kwamba kila jambo lilifanyika hadharani, kwa sala, naye akiwa amesimama pale pale. Alijua ameitiwa nini, na alijua alipokosa. Hakuna aliyemficha. Katika Martirolojia ya Kiroma amewekewa siku yake, tarehe 20 Julai, ingawa sijaona kigango chetu hata kimoja kilichojiwekea Mtakatifu Yusto kuwa msimamizi. Nimewahi kulipendekeza jina hilo. Walichagua Mtakatifu Mikaeli.

Nisingeyaandika haya yote kama jambo lenyewe lisingekuwa limeingia uani kwetu. Timu ya vijana wa parokia inashiriki kombe la vijana pamoja na parokia jirani, na kipa wetu wa pili ni kijana wa kigango kimoja cha mbali, kuelekea mpakani. Anashona viatu siku za soko. Kwa misimu miwili amekuja mazoezini kila Jumamosi kwa baiskeli, kwenda na kurudi, milima yote ile mnayoijua, na katika misimu hiyo hakucheza hata dakika moja. Mwezi uliopita alinisubiri nje ya sakristia.

"Padre, naomba ushauri," akasema. "Mama ananiuliza ninakwenda wapi kila Jumamosi na baiskeli ya nyumba nzima. Siku hiyo ndiyo ya kupeleka maharage sokoni. Nimwambie nini?"

Nilimwomba anipe siku chache, nikaenda kwa kocha wetu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na mtu mwadilifu. Nilimkuta naye ana mawazo yake. Kuna mwanafunzi wa kidato cha tano aliye likizoni, mrefu, mwenye mikono mizuri kwa mipira ya juu, na kocha alitaka kumfanya huyo awe wa pili.

"Baba Paroko," akaniambia, "kipa wa pili simtafuti aliye hodari kuliko wote. Namtafuta yule ambaye siku ya mvua, hajacheza miezi mitano, nikimwambia vaa glovu hatatetemeka."

Nikamwambia, "Mwalimu, hayo ni maneno mazuri. Lakini mtu asitetemeke kwa nini, kama miezi mitano yote hatukumpa mchezo hata mmoja?"

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Tuliongea mpaka giza likaingia. Mwanafunzi yule atarudi shuleni likizo ikiisha, na mwenye kuchagua kipa wa pili anamchagua mtu wa siku asiyoijua; sharti la kwanza ni awepo siku hiyo. Kijana wa baiskeli amekuwepo kwa misimu miwili. Tukakubaliana kwamba yeye ndiye, na kwamba hatapewa methali. Kocha atamwita na kumweleza waziwazi: katika michezo ya mtoano ataanza yule wa kwanza, katika michezo miwili ya mwanzo ya makundi utaanza wewe, tushinde tushindwe. Kipa wa kwanza aliitwa naye akasikia kwa masikio yake. Hakufurahi, na sikutegemea afurahi.

Mchezo wa kwanza tulifungwa 2-1. Bao la pili, nisiwafiche, lilikuwa la mpira wa juu ambao kijana aliutokea akachelewa. Jioni ile nilipokea simu nne, mbili kutoka kwa wazee wa Halmashauri ya Walei, wakiniuliza kama ni kweli Padre ndiye anayepanga timu siku hizi. Niliwajibu kwamba timu inapangwa na Mwalimu, na kwamba tumemwahidi kijana michezo miwili, naye amecheza mmoja. Mzee mmoja akasema tutatolewa. Inawezekana. Tukifungwa tena tumetoka, na vijana kumi na saba watakuwa wamefanya mazoezi tangu Kwaresima kwa ajili ya michezo miwili. Hilo nalo si jambo dogo, na nimelisali.

Mchezo wa pili ni Jumamosi ijayo, saa kumi alasiri, huko Kasulu. Ataanza yeye. Alhamisi iliyopita nilipita uwanjani nikamkuta kipa wa kwanza akimrushia mipira ya juu, mmoja baada ya mwingine, akimfokea kila anapochelewa kutoka. VIWAWA wameamua kwamba nauli yake ya bodaboda kutoka kigangoni italipwa na mfuko wao, kwa hiyo baiskeli itabaki nyumbani na maharage ya mama yatafika sokoni. Wanaopenda kusafiri na timu waandikishe majina kwa katekista kabla ya Ijumaa. Gari ni moja na nafasi ni chache.

Nawatakia Dominika njema.